Mikono Iliyoosha Mifupa

"Sawa bibi, ni nguruwe, sikatai. Lakini kafa zaidi ya miaka elfu tano! Hana nyama, hana damu, hana hata harufu."

"Kwani kufa ndo kumemtoharisha?" Bibi akaisukuma sahani ya wali mpaka ikagonga jagi la maji. "Ukamwosha kwa mikono hiyo hiyo, halafu ukaja ukanichagulia mchele."

"Nilivaa glavu."

"Na zikitoboka?"

Hapo nilikwama, maana glavu ya mkono wa kulia ilikuwa imetoboka kweli, kwenye kidole cha shahada, na nilishinda kutwa na kidole kimeroa. Nikakificha kidole chini ya meza, na bibi akaona. Bibi yangu hawezi kusoma namba ya basi mpaka limfikie miguuni, lakini uso wa mtu anausoma akiwa chumba chengine.

"Haya, mke mwenzangu," akasema. Ananiita hivyo tangu nizaliwe, ati nilikuja kumnyang'anya babu. "Leo umeniweza. Umetaka kunilisha nguruwe kwa samaki wa nazi."

Siku nyengine ningecheka. Lakini alikuwa keshajidunga sindano yake ya sukari, na mtu akishajidunga ile lazima ale, atake asitake. Mama alikuwa kwenye shifti Stratford, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anawaogesha na kuwageuza wazee wa watu, na kila akitoka neno lake kwangu ni moja: hakikisha bibi kala. Nikamtazama bibi, nikautazama wali. Mwisho aliinuka mwenyewe, akafungua kopo la biskuti, akajipikia chai kavu, akala. Nikashusha pumzi kidogo. Lakini biskuti si chakula cha mwenye sukari, na yeye mwenyewe anajua.

Kosa lilikuwa la mdomo wangu. Hakuna aliyeniuliza. Nilifika nyumbani nimefurahi, nikavua koti, na kabla sijakaa nikaanza kueleza jinsi nilivyolitambua taya la nguruwe peke yangu, kwa lile jino lake lililopinda, na bosi wangu akaniambia vizuri sana. Nilitaka bibi naye aniambie vizuri sana.

Kazi yenyewe ilikuwa Hayes, upande wa pili wa mji, kwenye ghala moja katikati ya maghala ya mizigo, ndege zinapita juu mpaka madirisha yanatetemeka. Kulikuwa na kiwanja hapo karibu kinachotaka kujengwa ghala jengine, na walipochimba wakakuta mashimo ya takataka ya watu wa zamani mno, wakulima wa mwanzo kabisa wa upande ule, waliokuwa wanatumia visu vya mawe. Takataka zao ndizo zilikuwa kazi yetu. Mifuko na mifuko ya mifupa na vigae vya vyungu. Mimi nilichukuliwa kwa majaribio, na kazi yangu kuosha. Mwisho wa majaribio wangechagua mtu wa kumbakisha na kumfundisha, na nilitaka awe mimi. Nimemaliza skuli, chuo kikuu sijaenda, na kila ninayemjua wa umri wangu alikuwa ama anapanga maboksi ama anasubiri kuitwa akapange maboksi. Kuosha mifupa kulinifanya niamke kabla ya kengele ya simu.

Unapewa beseni la maji, brashi ya meno na trei yenye wavu. Unautoa mfupa mmoja mmoja kwenye mfuko, umejaa udongo mweusi, unausugua taratibu, unauweka kwenye trei ukauke. Na hapo ndipo penye balaa. Mfupa ukiwa na udongo hujui ni wa nani. Ng'ombe, kondoo, mbwa, nguruwe, wote wanaingia beseni moja, maji yale yale, na unamjua mwenyewe baada ya kumwosha.

Mifupa iliyokauka inakwenda kwenye meza ndefu ya upande wa dirisha. Pale ndipo bosi wangu anakaa. Ni mama wa Kizungu wa makamo, anavaa sweta lile lile kila siku, na mchana akiwa anakula sandwichi yake ananiita nione. Alinionyesha jinsi meno yanavyolika kadiri mnyama anavyozeeka, kwa hiyo ukishika taya unajua alichinjwa mdogo au mkubwa. Ndama wengi walikufa wadogo, na wale wakubwa waliobaki ni majike. Sababu, anasema, ni maziwa. Hawa watu walikuwa wanakamua. Mafuta ya maziwa yameingia ndani ya udongo wa vyungu na bado yanapimika. Na watu wazima matumbo yao yalikuwa hayayawezi maziwa mabichi, kwa hiyo inaelekea waliyagandisha kwanza. Nikamwambia kwetu tunaita mtindi, akalirudia neno mara tatu mpaka akalipata.

Mifupa mirefu karibu yote imepasuliwa ili kutoa uboho. Kondoo na mbuzi mifupa yao inafanana hata yeye mara nyengine anashindwa, anaandika wote pamoja. Kuna shayiri na ngano zilizoungua, na maganda ya njugu za porini. Nguruwe walikula makombo na walichookota msituni.

Mwanzoni bibi aliyapenda mambo haya. Mtindi ulimfurahisha. Nilipomwambia kwamba bosi anasema watu hawa, wakishaanza kufuga, wengi waliacha kabisa kula samaki, ingawa mto upo na bahari haiko mbali, bibi aliacha kumenya kitunguu.

"Waliacha samaki?"

"Ndivyo mifupa yao inavyosema."

"Kwa nini?"

"Hakuna anayejua. Labda walipenda nyama zaidi. Labda ilikuwa haramu yao."

"Basi hao walikuwa wendawazimu," akasema bibi, ambaye kazaliwa Pemba na kukulia Pemba na hajapata kuiona siku bila ya samaki akaiita siku. "Wana mto wanakula mifupa."

Tulicheka sana siku ile. Lakini ndo nguruwe akaja, na mlango ukafungwa.

Tangu hapo hakula tena kilichopita mkononi mwangu. Hakunifokea. Angenifokea ningejua la kufanya. Alikuwa ananiambia "ahsante mwanangu, nimeshiba" kwa sauti ya kumwambia mgeni, na sahani inabaki. Mama akiwepo anapika mama, bibi anakula. Mama akiwa kwenye shifti, bibi anakula biskuti, tufaha, kitu chochote chenye ganda au pakiti. Kile kipimo chake cha damu kikawa leo juu, kesho chini. Mimi nipo kwenye treni naenda Hayes nampigia simu: umekula? Nimekula. Umekula nini? Nimekula. Nakata simu nimezidi kuingiwa na hofu.

Nilijaribu kumshinda kwa maneno, maana ndo tabia yangu. Nikamwambia dawa ya kuulia vijidudu ninayopaka mikono ni kali kuliko sabuni ya hospitali.

"Mimi sisemi vijidudu," akasema. "Nasema najisi. Najisi ya nguruwe na mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Hukufundishwa chuoni, kwenye Kurani?"

"Nilifundishwa."

"Sasa?"

Sasa, nikaamua, nitanunua udongo. Nikatoka mbio mpaka dukani karibu na soko, hapa hapa Walthamstow, nikarudi na mfuko mzito umechorwa maua ya njano. Nikaubwaga bafuni mbele ya bibi kama mtu aliyemaliza kesi. Bibi akaufungua, akainama, akanusa.

"Mbona unanuka banda?"

Nikageuza mfuko nikasoma maandishi madogo. Udongo bora wa bustani, umerutubishwa kwa samadi ya ng'ombe na farasi.

Nilisoma kwa sauti kabla ya kufikiri. Bibi akashika ukuta. Alicheka mpaka ushungi ukamvuka kichwani. "Mke mwenzangu! Unaondosha nguruwe kwa mavi ya farasi! Ukimaliza utaondosha farasi kwa nini, tembo?"

"Basi nitachimba uani."

"Uani? Mbwa wa jirani anapitia uzio uliovunjika, anakojoa pale kila asubuhi, namwona dirishani. Na mbweha nao wanakuja kulala." Akajifuta machozi. "Mji mzima huu hauna udongo. Una vyoo vya mbwa tu."

Nilidhani baada ya kicheko kile atalegea. Hakulegea. Jioni nilipika ndizi mbichi kwa nazi, akasema kashiba.

Usiku wa siku zile nilikuwa nalala naliwaza lile shimo la Hayes. Bosi aliniambia watu wale waliishi na wanyama wao ubavuni. Samadi ilikwenda kwenye shayiri, shayiri ikawa uji, makombo yakaenda kwa nguruwe, mfupa ukaenda kwa mbwa, ndo maana tunakuta alama za meno ya mbwa kwenye mfupa ule ule wenye alama ya kisu. Kila kitu kilikuwa kimegusana na kila kitu. Mimi nilikuwa natafuta konzi moja ya udongo ambao haujaguswa, na kila nikifikiri zaidi naona haupo.

Jumamosi mama alitoka alfajiri kwa shifti ndefu. Mimi nilikuwa nyumbani. Baada ya adhuhuri nilikuwa nafua, nikahisi kimya cha chumbani kwa bibi si kimya cha kawaida. Nikaingia. Alikuwa kakaa ukingoni mwa kitanda, ushungi umeroa jasho, na chumba kilikuwa baridi. Pembeni yake kopo la biskuti wazi, ndani chenga tu. Kajidunga, akaenda kwenye biskuti, biskuti zimekwisha, na hakuniita.

"Bibi?"

Akaniita jina la mama. Ulimi ulikuwa mzito.

Nikakimbia jikoni, nikakoroga sukari kwenye kikombe, nusu nikaimwaga njiani. Nikampelekea mdomoni. Akautazama mkono wangu. Hakuwa anajua mimi nani, lakini mkono aliujua, akafunga mdomo.

"Bibi kunywa! Kunywa, nakuomba, utakufa!"

Akageuza uso. Maji yakamtiririka shingoni. Nilianza kulia kwa sauti, kama mtoto, na huku nalia nikakumbuka vile viboksi vya juisi ya machungwa anavyokwenda navyo mama kazini. Nikaleta kimoja hakijafunguliwa, nikamwekea mapajani. Akakishika, kikamponyoka. Kanga yake ya kusalia ilikuwa juu ya kiti, kavu, imekunjwa. Nikaizungushia mikono yangu yote miwili, nikakishika kiboksi kwa kanga, nikachomeka mrija kwa kanga, nikamsogezea. Akanywa. Alivuta mpaka kiboksi kikabonyea. Nikaleta cha pili.

Nilikaa sakafuni nimeshika simu, nishabonyeza tarakimu za kuita gari la wagonjwa, kidole kiko juu ya kitufe, namtazama midomo. Rangi ikarudi polepole. Jasho likakata. Akanitazama, akanitambua.

"Hiyo si kanga yangu ya sala?"

"Ndiyo, bibi."

"Kaifue."

Mama aliporudi nikamweleza yote, sikuficha. Hakuvua hata viatu. Akamvaa bibi kwanza. "Mama, ungekufa kwa sababu ya mfupa! Mtoto anakupikia, wewe unamkimbia!" Bibi akajibu kwa upole kwamba yeye hamkimbii mtu, anahifadhi sala yake, na kwa umri wake sala ndo kitu pekee alichobakiwa nacho ambacho anakifanya mwenyewe bila ya kushikwa mkono. Mama akaweka mkoba chini. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe acha kazi hiyo. Hayes imejaa maghala. Utapanga maboksi, maboksi hayana mifupa."

"Sitaki maboksi."

"Basi waambie una aleji na maji."

"Mama, nani ana aleji na maji?"

"Watu wapo! Kazini kwetu yupo mmoja, ana aleji na kila kitu isipokuwa mshahara."

Hata bibi alicheka, chumbani kwake, nikamsikia. Ndipo mama akakaa, akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi. "Udongo wa uso," akasema.

"Udongo gani?"

"Ule wa kujipaka usoni, wa chunusi. Wanauza duka la Wapakistani pale sokoni. Ule ni udongo mtupu."

Jumapili nilikuwa pale duka linafunguliwa. Nilisoma pakiti mbele, nyuma, na pembeni, nikamwomba na muuzaji anisomee. Kitu kimoja tu kimeandikwa: udongo. Akaniuliza chunusi zangu ziko wapi. Nikamwambia ziko mikononi.

Bibi aliweka kiti mlangoni mwa bafu akasimamia. Nikaukoroga udongo na maji, nikajipaka mpaka viwiko, nikasuuza, kisha maji matupu, mara moja, mara mbili.

"Umeruka ya tano."

"Sijaruka."

"Umeruka. Rudia."

Nikarudia. Nilipomaliza akanishika vidole, akavigeuza geuza. "Mikono imekuwa mororo, utadhani biharusi. Ningejua ningekutia nguruwe zamani."

Nikapika maharage ya nazi na chapati. Akala. Akaomba chapati ya pili, akaipangusia sahani. Niligeukia sinki nikafungua bomba, ili aone naosha vyombo tu.

Lakini nilikuwa naijua Jumatatu. Najua naingia ghalani, beseni limejaa, mifuko inanisubiri, na jioni niko bafuni tena na udongo wa chunusi, na kesho yake, na keshokutwa. Mikono ni mororo leo, lakini kwa mara saba kila siku ngozi ingepasuka. Na siku nitakayochelewa kurudi, au mama yuko shifti na udongo umekwisha, bibi atakuwa peke yake na kopo tupu.

"Kesho unakwenda?" akaniuliza.

"Nakwenda."

"Kwenye maji yale?"

"Ndo kazi yangu, bibi. Kuosha."

Akafikiri, anachokoa jino. "Mimi kikavu sikukukataza. Mfupa mkavu, mkono mkavu, shika upendavyo, hata hilo taya lake livae kidani. Kikavu kwa kikavu hakihamishi kitu. Maji ndo yanayobeba."

"Bibi! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe uliniambia kafa miaka elfu tano."

Ni kweli, wiki nzima nilikuwa najibu tu, siulizi.

Kikavu ni ile meza ya dirishani. Pale, pamoja na bosi, wanakaa waliokwisha kuchaguliwa kubaki. Mtu wa majaribio kuomba meza ile ni kuomba kuruka foleni, na tena kwa sababu ambayo sijui hata nianze kuieleza wapi kwa Kiingereza. Nilimwona akilini bosi wangu akinisikiliza, anaondoa miwani, anafikiri huyu ni msumbufu, leo maji, kesho nini. Kisha nikamkumbuka alivyoongea kuhusu watu waliokaa kando ya mto wasile samaki, hakuwacheka hata kidogo. Labda kwa wafu ni rahisi kuliko kwa mfanyakazi. Sikujua. Usiku nilijilaza nikajigeuza, nikayapanga maneno, nikayapangua.

Nikaamua hivi. Asubuhi nitampikia bibi uji, nitakaa naye mezani mpaka amalize, hata treni ikinipita. Kisha nitakwenda moja kwa moja kwa bosi kabla sijafunga aproni, nimwambie ukweli kama ulivyo, nguruwe, maji, bibi na sindano, bila ya aleji. Nitamwomba meza kavu, na kama meza imejaa nitaomba kubeba mifuko, kufagia, kukung'uta udongo mkavu kwa brashi, chochote kisicho na beseni. Na akisema hapana, nitamuaga vizuri nirudi nyumbani kabla ya sindano ya mchana.